Msimamizi wa Chumba Baridi

Alikuwa akivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Watu waliokuja ofisini kwetu mara ya kwanza, wakitoka kwenye jua la barabara ya Nakawa, walimtazama wakidhani ni mgonjwa. Lakini chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi ya kugonganisha meno, kwa sababu mashine ile ikipata joto ilisimama, na mashine ikisimama lazima mtu aulizwe. Katika Kampala ya wanajeshi, kuulizwa halikuwa neno dogo. Wapo walioitwa kuulizwa maswali mawili tu, na viatu vyao ndivyo tulivyobaki kuvitazama mlangoni.

Sisi tulimwita Msimamizi. Jina lake lilikuwa kwenye kibao mlangoni, hadi siku mtaalamu wetu wa programu alipochukuliwa mbele ya macho yetu, akatiwa ndani ya gari lisilo na namba. Kesho yake Msimamizi alikuja na bisibisi, akakifungua kile kibao, akakitia mfukoni.

"Kibao kinamsaidia anayekutafuta," alituambia. "Mwenye kazi na mimi ananijua."

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Alikuwa Mwislamu wa zile familia za Waswahili zilizokaa Kampala tangu zamani za biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba askari walimwogopa kidogo, kama wanafunzi wanavyomwogopa mwalimu wa hesabu. Mimi Kiswahili nilikipata Nsambya, kwenye nyumba za reli, ambako baba alifanya kazi pamoja na Wakenya. Nadhani hiyo ndiyo sababu alizoea kuzungumza nami zaidi kuliko wenzangu, ingawa kuzungumza kwake kulikuwa kwa vipande vipande, akitupa maneno mawili anapita, na mengine matatu akirudi.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Tulikuwa wanawake watatu kwenye chumba cha nje. Karatasi zilikuja zimeandikwa kwa mkono, nasi tulizigeuza kuwa matundu kwenye kadi ngumu, kila mstari kadi moja. Mashine kubwa ilisoma yale matundu na kuyahifadhi kwenye tepu. Kisha, kama amri ilikuwepo, ilipeleka faili zima kwa laini ya simu hadi mashine nyingine iliyokuwa upande wa pili wa mji, katika ofisi ya jeshi. Kati yetu na Msimamizi palikuwa na ukuta wa kioo. Tulimwona siku nzima, bila kumsikia.

Mwanzoni mafaili yalikwenda wazi. Baadaye ikaja amri kwamba kila kitu kinachopita kwenye laini ile kifungwe, yaani kigeuzwe kuwa herufi zisizosomeka, ili anayedukua simu asipate kitu. Programu ya kufunga ililetwa na mgeni aliyekaa wiki mbili, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ofisi yetu haikuwa ile ile.

Msimamizi alitueleza sababu siku moja, akiwa amesimama mlangoni na kadi mkononi.

"Chukua barua ndefu," alisema. "Kuisoma kwa sauti ni dakika chache. Sasa nakwambia kila herufi uibadilishe kwanza kwa kutazama kitabu, kisha ukague kama hukukosea, kisha ndipo usome. Na huku unafanya hivyo, usipike, usifue, usimjibu mtoto. Mashine yetu ina kichwa kimoja. Ikifunga, haifanyi jingine."

Kwa hiyo faili lililokuwa likienda kwa robo saa likawa linachukua saa nzima, na kazi nyingine zote zilipanga foleni nyuma yake: matokeo ya mitihani, orodha za vipuri vya reli, dawa za hospitali. Hilo lilimuumiza kama mtu anavyoumizwa na deni la heshima. Alikuwa na daftari la jalada jekundu ambamo aliandika kwa penseli muda wa kila faili: likienda wazi muda gani, likifungwa kwa ufunguo mfupi, yaani kanuni fupi ya kugeuzia herufi, muda gani, kwa ufunguo mrefu muda gani. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia tu kwamba siri inakula muda, na kwamba siku moja mtu atakuja kumuuliza muda umekwenda wapi, naye anataka kuwa na la kumwonyesha.

Alikuwa mkali juu ya mambo madogo. Vumbi, kwa mfano. Tulivua viatu mlangoni, na yeye alikagua nyayo zetu. Chai ilikuwa marufuku karibu na kadi, ingawa sote tulijua kwamba chini ya meza yake kulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi ambayo aliinywa akiinama, kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Ukichelewa dakika tano alikununia hadi mchana. Lakini askari waliposimama barabarani jioni, alifunga kazi mapema, akatusindikiza wote watatu mpaka kituo cha basi, akitembea upande wa barabara, na hakuondoka mpaka basi lilipoondoka.

Aliogopa simu. Ilipolia aliiacha ilie mara tatu, akijifuta viganja kwenye suruali, ndipo akanyanyua. Aliogopa pia kuitwa kwa jina kwenye korido, na aliogopa watu waliocheka sana. Wenzangu walimwona mwoga, nami sikuwabishia, maana nilimwona siku askari mmoja alipompokonya kofia yake na kuivaa. Msimamizi alisimama kichwa wazi, akasema, "Imekukaa vizuri, afande." Sote tulitazama chini. Nilimdharau kidogo siku ile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikujua bado jinsi mtu anavyoweza kuchagua ni kitu gani akubali kunyang'anywa.

Kisha alikuja mtawa mmoja, mzungu mzee, kutoka hospitali iliyokuwa ikingojea orodha yake ya dawa. Orodha ilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa imeshikwa siku ya pili mfululizo na mafaili ya jeshi yaliyokuwa yakifungwa. Mtawa alisema kwa upole kwamba hawajui tena ghala lipi lina dawa ya usingizi, na wagonjwa wa upasuaji wanangoja. Msimamizi hakumwambia angoje. Alichukua kadi zile za hospitali kutoka kwenye sanduku, akaketi nazo, akayasoma matundu kwa macho, moja moja, akaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Sikujua kwamba mtu anaweza kusoma kadi hivyo. Hakula mchana. Alipomaliza alimkabidhi mtawa karatasi kumi na kitu, akamwomba asiseme amezipata wapi.

Aliyetuletea mafaili ya jeshi alikuwa Kapteni. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na hilo lilitutisha kuliko makelele. Alipenda kuketi kwenye ukingo wa meza yangu akigeuzageuza kadi zangu. Asubuhi ninayotaka kuisimulia alifika saa mbili, akiwa na bahasha ya kahawia. Mlango wa kioo ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Hii naenda leo," Kapteni alisema. "Haraka."

"Sawa, afande," Msimamizi akajibu. "Ni siri, au siri kabisa?"

Kapteni akamtazama. "Wewe naona namna gani? Hii kazi ya mkubwa. Siri kabisa."

"Basi uniandikie hapa, afande, uweke na sahihi. Mtu asije akasema nimeipunguza."

Nadhani ilimpendeza. Aliandika yale maneno mawili kwa herufi kubwa juu ya fomu, akatia sahihi, akaenda zake.

Tuligawiwa karatasi sisi watatu. Zilikuwa na namba, jina, na mahali pa kazi, basi. Hakukuwa na kichwa cha habari, lakini tulikwisha kuzijua orodha za namna ile. Zilipopita, baada ya siku mbili tatu, ulisikia watu wakiuliza habari za fulani na wengine wakibadilisha mazungumzo. Nilitoboa bila kufikiri, kama nilivyojifunza. Ilikuwa yapata saa tatu nilipofika kwenye mstari wenye jina la mume wa dada yangu, karani wa mabehewa, gati la Port Bell.

Vidole vyangu viligoma. Nilikaa nikilitazama lile jina, na nikasikia mashine za wenzangu zikiendelea kugonga, kulia kwangu na kushoto. Nilifikiri nikiruka mstari watahesabu kadi na kuona imepungua. Nikikosea herufi, wataniuliza mimi. Nilipoinua macho Msimamizi alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo akinitazama.

Akatoka, akaja mezani kwangu.

"Binti, una homa."

"Sina, Mzee."

"Unayo. Naiona. Nenda nyumbani ukalale."

"Kadi zangu bado..."

"Kadi nipe mimi."

Alizichukua mkononi mwangu pamoja na karatasi, akaketi kwenye kiti changu, akaanza kutoboa pale pale nilipoachia. Jina la shemeji alilitoboa yeye. Nilisikia mashine ikilipiga nikiwa navaa viatu mlangoni.

Basi sikupanda, kwa sababu askari walikuwa wakiwashusha abiria na kuwapekua. Nilifuata njia ya reli inayoteremka kwenda Port Bell, nikitembea kama mtu anayekwenda kumwona ndugu aliye gerezani Luzira, maana wanawake wengi walipita njia ile kwa sababu hiyo na hakuna aliyewauliza. Kila gari lililosikika nyuma nilijua ni la Kapteni.

Shemeji nilimkuta gatini, penseli sikioni, akihesabu mabehewa yanayoingizwa kwenye feri ya Kisumu. Nikamwita kando.

"Shemeji, jina lako limekuja kwetu leo."

Hakuniuliza limekuja namna gani. Aliniuliza jambo moja.

"Dada yako anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Asiyejua hana la kusema."

Akachukua makaratasi yake, akapanda kwenye feri kama alivyopanda kila siku kukagua minyororo, ila safari hii hakushuka. Saa saba feri iling'oa nanga. Jeshi lilifika gatini saa kumi. Dada yangu walimweka siku mbili wakimuuliza, wakamwachia akiwa na mkono uliovunjika. Kwa kweli hakuwa anajua kitu, na mpaka leo hajui kama anishukuru au anilaumu.

Kesho yake nilirudi kazini, kwa sababu kutokurudi kungekuwa kusema. Kapteni alikuwa amefika kabla yangu, na askari wawili wenye bunduki, wamesimama ndani ya chumba baridi na mlango wa kioo uko wazi.

"Nani alifunga faili ya jana?"

"Mimi, afande," Msimamizi alisema.

"Mimi naleta karatasi saa mbili. Kule nafika saa tisa. Watu ingine nakwisha toroka. Hii masaa yote wewe nafanya nini?"

"Kutoboa kadi kulikwisha saa nne. Kufunga na kupeleka kukachukua saa tano nzima."

"Faili ya wiki jana ilienda saa moja tu."

"Ile ilikuwa siri tu, afande, ufunguo mfupi. Hii ilikuwa siri kabisa, ufunguo mrefu."

Kapteni akavuta kiti. "Onyesha mimi. Hapa, sasa hivi. Kama wewe nadanganya, mimi naondoka na wewe."

Msimamizi akachukua faili dogo la vipuri. Akalipeleka wazi, kisha akalifunga kwa ufunguo mfupi, kisha kwa ufunguo mrefu. Kila mara alisema muda kwa sauti na kuuandika daftarini. Kufikia jaribio la tatu Kapteni, aliyevaa shati la mikono mifupi, alikuwa amejikumbatia kwa baridi na askari wake walikuwa wakipigapiga miguu sakafuni. Mashine iliendelea kuunguruma na tepu zikizunguka kidogo, zikisimama, zikizunguka kidogo. Nilikuwa natazama mikono ya wale askari.

Mwisho Kapteni akasema, "Kwa nini wewe hapana ambia mimi mapema?"

Msimamizi akafungua mtoto wa meza, akatoa ile fomu, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Niliogopa kupunguza ulichoandika, afande."

Kapteni aliusoma mwandiko wake mwenyewe. Kumchukua Msimamizi kulimaanisha kwenda na ile karatasi mbele ya mkubwa wake, na sahihi iliyokuwa juu yake haikuwa ya Msimamizi. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Siku ingine wewe naniambia mbele."

"Nitakwambia, afande."

Walipokwisha kuondoka Msimamizi alikwenda nyuma ya kabati la tepu, na tukamsikia akitapika ndani ya ndoo. Akarudi akijifuta mdomo kwa leso, akauliza nani alikuwa na matokeo ya mitihani.

Singependa mtu adhani kwamba tulishinda kitu. Kuanzia siku hiyo Kapteni aliandika "siri" tu, na orodha zilienda kwa saa moja, kisha wakaleta mashine mpya ya kufungia na zikaenda kwa nusu saa. Msimamizi alizipeleka zote. Alipeleka na zile nilizotoboa mimi, nami nilitoboa. Tulifanya kazi kwa miaka mingine mitatu tukitazamana kupitia kile kioo, na sikumwambia kamwe nilikokwenda siku ya homa yangu. Naye hakuuliza. Jumatatu moja hakuja kazini. Tulisubiri kusikia habari mbaya, hatukusikia chochote, na kwa desturi ya wakati ule hatukutafuta.

Wanajeshi wale walipokwisha kuondolewa, na mimi nimekwisha kuolewa na kuzaa, nilisikia kwa muuza vitambaa wa Nakawa kwamba yuko hai. Alikuwa anaishi nyuma ya msikiti mdogo, anafundisha watoto Kurani asubuhi na kutengeneza redio mchana. Nilimwendea siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri. Alikuwa amekonda sana, na jicho moja limeingia ukungu, lakini alinitambua kwa sauti kabla sijavua viatu.

"Binti wa reli," akasema. "Karibu. Homa ilipona?"

Nikaketi kwenye mkeka na kumweleza yote: jina kwenye kadi, njia ya reli, gati, feri. Nikamwambia shemeji anaishi Kisumu, ana duka la vifaa vya baiskeli, na ana watoto watatu aliowazaa na dada yangu, baada ya dada kumfuata huko.

Alinisikiliza akiwa ameshika bisibisi hewani.

"Nilijua una mtu mle," alisema. "Mashine yako ilinyamaza. Nani, sikujua, na sikutaka kujua. Nilipomwuliza Kapteni siri au siri kabisa, nilikuwa nafikiri tu kwamba saa chache zaidi huenda zikamfaa mtu. Sijawahi kusikia kama zilimfaa. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ya ofisini, "Ulifika gatini saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi, Mzee."

"Na faili lilimaliza kwenda saa tisa." Akafikiri. "Zilibaki saa nne nzima. Nilikaa mbele ya mashine saa nne nzima, na majina yote nilikuwa nayo mezani."

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Siku ile, kabla ya kushika njia ya reli, nilipita mbele ya ofisi alimofanya kazi mtu mwingine wa orodha ile, ambaye kadi yake nilikuwa nimeitoboa mwenyewe dakika chache tu kabla. Dirisha lilikuwa wazi, watu wanaongea ndani. Nilipita, sikugeuza shingo.

"Uliogopa," alisema.

"Niliogopa, Mzee."

"Mimi pia."

Watoto walikuwa wakicheza nje karibu na bomba la maji. Aliweka bisibisi chini na kunigeukia kwa lile jicho lililo zima.

"Unayakumbuka majina?"

"Yale niliyotoboa mimi, nayakumbuka."

"Nitajie."

Nikaanza. Nilitaja polepole, jina na mahali pa kazi, kama yalivyokuwa kwenye karatasi, na baada ya kila moja nilingoja. Kila mara alitikisa kichwa. Nilitaja matano, sita, nikawa sina tena nguvu ya kumtazama. Nilipotaja la saba akainua mkono.

"Huyo yupo," alisema. "Aliniletea redio yake mwezi uliopita. Alisema siku ile mkewe alijifungua, hakwenda kazini, askari wakamkosa."

Aliishusha mikono yote miwili magotini, akafumba macho.

"Endelea," akasema.